Dirisha la Dawa: Je, vidonge vya kifafa vinazima ubongo?

Safu hii huandikwa na mfamasia mstaafu aliyekaa nyuma ya dirisha la dawa la hospitali ya wilaya kwa miaka 29, na ambaye mwenyewe ni mgonjwa wa kifafa.

SWALI: Shikamoo Bibi Mfamasia. Mwanangu wa kiume ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Alianza kuanguka akiwa darasa la nne. Hospitali walimwandikia kabamazepini, miligramu 200 asubuhi na 200 jioni, na kwa kweli kuanguka kulipungua sana. Shida ni kwamba mwalimu wake ananiita kila mara, mtoto analala darasani. Halafu jirani yangu kaniambia hizo dawa zinazima ubongo kidogo kidogo, mwisho mtoto anakuwa zezeta. Nikaona nimpunguzie: nampa mwezi ukikaribia kuandama, maana ndipo huwa anaanguka, siku nyingine nampumzisha. Je, nafanya sawa? Hizo dawa zinafanya nini hasa huko kichwani? Na ataziacha lini? — Mama wa kidato cha pili, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. La kwanza nakujibu bila kuzunguka: hapana, hufanyi sawa. Kesho asubuhi mchukue mtoto uende naye kliniki, uwaambie ukweli wote wa siku ulizompa na siku ulizomnyima, wakupangie namna ya kurudia. Usirudishe kwa kukisia. Wala usione haya, hawatakuwa wamelisikia jambo hilo kwako kwa mara ya kwanza.

Mimi sikugombezi, kwa sababu niliyezisomea dawa na kuzigawa nimelifanya kosa hilo hilo. Ramadhani ya mwaka 2001 nilijiona mjanja. Nilikuwa na mwaka wa tatu sijaanguka. Nikasema dozi ya asubuhi naiacha, ya jioni naimeza baada ya kufuturu, mwezi wenyewe siku thelathini tu. Siku ya sita, alasiri, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Ninachokumbuka ni harufu ya mpira unaoungua, ambayo wenzangu wanasema haikuwapo, kisha sura ya wifi yangu juu yangu akinisomea. Meno ya mbuzi yameniachia alama kwenye mkono wa kushoto. Wajukuu wanapenda kuzihesabu: nukta nne. (Kwa wanaofunga: nendeni kwa daktari Shaaban, msingoje mwandamo. Wapo wanaopangiwa dozi ya futari na ya daku wakafunga salama, na wapo wanaoambiwa wasifunge. Na kukatisha usingizi kwa ajili ya daku peke yake kunaweza kumwangusha mtu.)

Sasa tuingie kichwani.

Ubongo una chembe za neva zipatazo bilioni 86. Kila moja kazi yake ni kusikiliza jirani zake na kuamua: nipige au nisipige? Kupiga kwenyewe ni umeme mdogo sana. Kwenye ukuta wa chembe kuna vilango. Vilango vya sodiamu vikifunguka, sodiamu yenye chaji inaingia ndani kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde, chembe inapiga, jirani anapata habari.

Fikiria ukumbi wa harusi wenye akina mama mia mbili. Kuna harusi ambayo mmoja akipiga kigelegele, watatu wanamwitikia, kisha wote wananyamaza wasikie shehe anasema nini. Na kuna ukumbi ambao kigelegele kimoja kinatosha: meza ya pili imedaka, ya tatu imedaka, ukumbi mzima unalia, hakuna anayemsikia mwenzake, hata bibi harusi akipita hawamwoni. Wepesi huo wa kuitikiana ndio wataalamu wanaouita msisimko wa ubongo. Sote tunao, bila huo usingeweza kusoma maneno haya. Mwenye kifafa ana kona ya ukumbi, au ukumbi wote, iliyo nyepesi mno kudaka. Ubongo una makungwi wake wa kunyamazisha, kemikali iitwayo GABA, lakini kwa mgonjwa wetu makungwi hawatoshi au hawasikilizwi.

Kabamazepini haimzibi mtu mdomo. Inachofanya ni hiki: mama akishapiga kigelegele kimoja, inamchelewesha kupata pumzi ya cha pili. Kilango cha sodiamu kikishafunguka na kujifunga, dawa inakishikilia kibaki kimefungwa kitambo zaidi. Chembe inayopiga, ikatulia, ikapiga tena, na ndivyo zilivyo nyingi mtoto anapokokotoa hesabu, haisumbuliwi sana. Ile inayopiga mfululizo bila kupumzika, kama kifafa kinapopanda, ndiyo inayokosa pumzi. Kwa hiyo dawa inachagua. Haichagui kikamilifu, nitakuja kwenye usingizi, lakini inachagua.

Fenitoini na lamotrijini nazo zinapita njia hiyo. Fenobabitoni, kidonge cha zamani kuliko vyote tulivyo navyo, kilichoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, kinapita njia nyingine: kinawapa makungwi nguvu. Ukumbi unatulia kweli, ila na mazungumzo ya kawaida yanapungua sauti, ndiyo maana wanaokimeza ndio hasa wanaolalamika usingizi na uzito wa kichwa. Hata hivyo msikidharau. Dakta Louise Jilek-Aall alipoanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, kidonge hicho cha bei ndogo ndicho alichokitegemea, kwa watu waliokuwa wametengwa, wengine na makovu ya moto, kwa sababu walipoangukia jikoni waliogopwa mate yao na hakuna aliyethubutu kuwavuta.

Utaniuliza, haya mmeyaonaje, mlimfungua nani kichwa? Kuna kifaa. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba ukiweka koili ya sumaku juu ya kichwa cha mtu aliye macho, mahali panapotawala mkono, ukaipitishia umeme kwa mpigo mmoja mfupi, mkono unashtuka wenyewe. Hakuna kisu wala sindano. Ukipunguza nguvu kidogo kidogo utafika mahali ambapo msuli wa kidole unaitika kwa shida: hicho ndicho kizingiti chake. Mwaka 1996 Ulf Ziemann na wenzake wa Göttingen, Ujerumani, waliwapa watu wenye afya dozi moja moja ya dawa za kifafa, kisha wakawapima. Kwa waliomeza kabamazepini au lamotrijini kizingiti kilipanda, sumaku ikabidi iongezewe nguvu. Kwa waliomeza dawa za upande wa GABA, kama vigabatrini, kizingiti kilibaki palepale, lakini walipopigiwa mapigo mawili ya karibu karibu, la kwanza dogo, hilo dogo lilifaulu zaidi kulinyamazisha la pili. Pumzi upande mmoja, makungwi upande wa pili.

Mpelekee jirani yako habari hii. Wale watu walimeza dawa na mkono bado uliitika. Kilichofanyika ni kunyanyua kizingiti cha mlango, na kizingiti kikiwa juu mwenye nyumba bado anaingia na kutoka. Kinachodhuru ubongo wa mwanao ni kuanguka kwenyewe, hasa kule kunakopita dakika 5 bila kukatika. Hapo hakuna kungoja, ni hospitali.

Haya, usingizi. Hapa ndipo nadhani wewe mwenyewe umeutengeneza bila kujua. Mtu akianza kabamazepini, siku za mwanzo anasinzia, anaona kizunguzungu. Halafu yanatokea mambo mawili: ubongo unaizoea, na ini nalo linajifunza kuivunja haraka zaidi, kazi inayochukua wiki tatu mpaka tano. Ndiyo maana madaktari wanaanza na dozi ndogo na kupanda polepole. Sasa wewe unampa siku kadhaa, unakata wiki mbili tatu, unampa tena. Ini linasahau, ubongo unasahau. Kila mwezi unapoandama mwanao yuko siku ya kwanza ya dawa. Mwalimu anamwona mtoto aliyeanza dawa mara kumi na mbili kwa mwaka!

Lakini nisikubebeshe lawama yote, usingizi una milango mingine. Umechungulia mto wake asubuhi? Ukikuta damu au mate mengi, ulimi umeng'atwa, au kijana wa miaka 15 amelowesha godoro, basi anaanguka usiku na asubuhi unampeleka shuleni akiwa amechoka kama aliyebeba magunia. Hapo dawa itakuwa haitoshi, na wewe ulikuwa unaipunguza.

Na hili nililisubiri. Akiamka, wakati wa chai, mikono yake huwa inashtuka? Kikombe kinamruka, kijiko kinamponyoka, mnamwita mzembe? Kama ndivyo, mwambie daktari kabla hujakaa kwenye kiti. Kuna aina ya kifafa inayowashika vijana wa umri wake, inayoanza na mishtuko ya asubuhi, na kabamazepini inaweza kuizidisha badala ya kuituliza. Vivyo hivyo kwa mtoto anayezubaa sekunde chache akikodoa macho kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Dawa inayomfaa mwenzake si lazima imfae yeye, kwa sababu kona za ukumbi si moja. Nilipokuwa dirishani nilimwona mama mmoja akimgawia dada yake nusu ya vidonge vyake kwa upendo kabisa. Nilimzuia, akaniona mchoyo.

Kuhusu mwezi, nunua daftari la kurasa 40. Andika tarehe, saa, alianza upande gani, ilichukua dakika ngapi, alikuwa amelala saa ngapi usiku uliotangulia, amemeza au hakumeza. Miezi mitatu. Usiandike "mwezi mchanga", andika tarehe, mwezi utautafuta baadaye kwenye kalenda. Tunakumbuka sana anguko la usiku wa mwandamo kwa sababu tulikuwa tunalingoja, lile la katikati ya mwezi tunalisahau. Daftari halisahau, na daktari atakupenda kwa ajili yake kuliko unavyodhani.

Ataacha lini? Kwa kawaida daktari hafikirii kuacha mpaka mgonjwa amalize angalau miaka 2 kamili bila kuanguka, na wapo, kama mimi, wasioacha. Siku ikifika, dozi inashushwa kwa miezi. Ubongo uliozoea kizingiti cha juu ukikishusha kwa ghafla, vigelegele vinarudi vyote kwa pamoja, na mtu aliyekuwa akianguka mara moja kwa mwezi anaweza kuanguka bila kuzinduka kati ya anguko na anguko. Kwa fenobabitoni ni hatari zaidi. Dawa hiyo inatoka mwilini taratibu, nusu yake inabaki hata baada ya siku tatu au nne, kwa hiyo mtu anaacha, anajiona mzima, anatangaza amepona, kisha wiki haijaisha anabebwa.

Ziko dalili za kumkimbiza hospitali siku hiyo hiyo kabla ya kumpa kidonge kinachofuata: vipele mwilini pamoja na homa, au vidonda mdomoni na macho mekundu, hasa wiki za mwanzo za dawa. Na kwa kuwa mwanao ataanza upya, ziangalie kana kwamba hajawahi kumeza.

SWALI: Bibi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani. Nimemeza fenitoini miligramu 300 kwa siku kwa mwaka mzima, nikawa bado naanguka mara moja kwa mwezi. Mwezi uliopita nikaongezewa ikawa 400. Sijaanguka, lakini sasa nikitunga uzi naona matundu mawili ya sindano, napepesuka, na mke wangu anasema nimerudia pombe. Sijainywa miaka minne. Theluthi tu imeongezeka, kweli inaweza kufanya hivi? — Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Inaweza kabisa, na mwambie shemeji yangu nimekutetea.

Umewahi kuvuka Kigamboni kwa kivuko? Kivuko kina nafasi zake. Magari yakija machache kuliko nafasi, yanavuka yote, hakuna foleni. Yakija sawasawa na nafasi, bado yanavuka. Yakizidi kidogo tu kila safari, yale yaliyobaki yanaungana na yanayofuata, na jioni foleni imefika mbali. Ini lako ndilo kivuko cha fenitoini. Dawa nyingi, ukiongeza theluthi, kiasi cha damuni kinapanda kama theluthi. Fenitoini si hivyo. Ini likishajaa, nyongeza ndogo inaweza kukipandisha mara mbili, na kinaendelea kupanda kwa siku na wiki huku wewe dozi hujaibadilisha. Hilo nalo limewahi kunipita: kuna mgonjwa niliyempa boksi lake la 400 kama lilivyoandikwa, sikumuuliza alikuwa kwenye ngapi. Alirudi ameshikiliwa na watu wawili.

Ule utaratibu wa kunyima pumzi niliomweleza mama wa Muheza, dawa ikizidi, haubagui tena. Unaingia mpaka kwenye ubongo wa nyuma unaoshika mizani ya mwili na kulinganisha macho mawili yaangalie tundu moja. Wewe umeniandikia kipimo kizuri kuliko vyombo vingi: tundu la sindano.

Leo hii rudi kliniki. Usikate mwenyewe ukarudi 300, na usiache kabisa. Daktari huenda akashusha, kisha akapandisha kwa hatua ya miligramu 25 au 50, au akabadilisha dawa, na penye kipimo cha damu atakitaka. Mpaka uone tundu moja, usipande baiskeli, usiguse pasi ya mkaa, na pindo za wateja mpe mwenzako. Mtajie dawa nyingine yoyote unayomeza, za kifua kikuu, za fangasi, hata za mitishamba, kwa kuwa baadhi yake hupunguza nafasi kwenye kivuko na nyingine huongeza. Halafu fizi: fenitoini huzivimbisha. Mswaki asubuhi na usiku, bila kuruka.

SWALI: Assalaam alaikum mama. Nina miaka 24, natumia valproeti kwa miaka 6 na sijaanguka tangu 2021. Nimechumbiwa, harusi ni Desemba. Mchumba wangu anajua ugonjwa wangu. Nina haja ya kuwaambia kliniki kuwa naolewa? — Binti wa Unguja

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu, na hongera. Una haja, tena kubwa. Valproeti inanyamazisha ukumbi kwa njia zaidi ya moja, ndiyo maana imekufaa. Lakini kwa mtoto aliye tumboni ndiyo yenye madhara makubwa kuliko dawa zote za kifafa tunazozitumia sana: karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, kama uti wa mgongo usiofunga, na 3 mpaka 4 kati ya 10 huchelewa kuongea, kutembea au kujifunza. Uti wa mgongo unafunga ndani ya wiki nne za mwanzo za mimba, wakati wengi bado hawajajua kama wamebeba.

Usiache. Nasema tena, usiache peke yako, kuanguka na mimba nako ni hatari kwenu wote wawili. Kamwombe daktari muongee juu ya lamotrijini au levetirasetamu, na akuandikie asidi ya foliki kabla ya mimba. Ukihamia lamotrijini huku valproeti bado imo mwilini, dozi inapandishwa polepole kuliko kawaida, kwa wiki nyingi, kukwepa vile vipele nilivyovitaja juu. Na mpaka uhamisho uishe utahitaji uzazi wa mpango, jambo ambalo mchumba wako afadhali alijue sasa. Desemba si mbali. Nenda wiki hii.